Karatasi Moja kwa Sura Moja: Sanaa ya Seydou Keïta

Hakuna sanaa iliyokaa mlangoni muda mrefu ikisubiri kukaribishwa ndani kama upigaji picha. Mshairi hupima mizani, mchongaji hupiga tezo, mfinyanzi hukanda udongo. Mpiga picha, kwa macho ya wengi, hana alifanyalo ila kubonyeza. Shaka hiyo huzidi pale mpiga picha mwenyewe anapokuwa mtu asiyeingia shule, aliyejifunza kazi kwa kuharibu na kurudia, na aliyefungua studio si kwa ajili ya majumba ya makumbusho bali kwa ajili ya watu wa mtaani kwake waliotaka picha ya kutundika sebuleni. Seydou Keïta wa Bamako, aliyezaliwa karibu na mwaka 1921 na kufariki mjini Paris mwezi wa Novemba 2001, alikuwa mtu wa namna hiyo. Leo anahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa picha za sura katika karne ya ishirini, na hukumu hiyo haihitaji kupingwa. Linalohitaji kuchunguzwa ni jambo jingine: ubingwa huo ulikaa wapi hasa, na je, wale waliomtangaza duniani waliutangaza ule ule aliokuwa nao?

Bamako ya ujana wake ilikuwa makao makuu ya koloni lililoitwa Sudani ya Kifaransa. Reli kutoka upande wa Dakar ilikwisha kufika hapo mwaka 1904, na mji ulikuwa ukikua kwa kasi ya miji yote iliyofikiwa na gari moshi. Keïta alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya mafundi seremala, na useremala ndio uliokuwa shule yake. Mwaka 1935 ami yake alirejea kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa. Picha za awali, kama ilivyo kwa kila mwenye kuanza, zilikuwa za watu wa nyumbani, na nyingi ziliharibika. Kwa miaka kadhaa randa na kamera zilikwenda pamoja. Fundi alitengeneza samani mchana huku akizidi kuvutwa na ile kazi nyingine.

Neno “aliyejifunza mwenyewe” linahitaji uangalifu. Keïta hakuota kama uyoga. Pierre Garnier, Mfaransa aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mjini humo, alimpa maarifa. Na mpiga picha mmoja mwenyeji aliyemtangulia katika kazi alimfungulia chumba chake cha giza, akajua namna ya kusafisha filamu na kutoa picha. Lakini hakuna aliyemfundisha namna ya kumtazama mtu. Hakusoma historia ya uchoraji, wala hakuwa na vitabu vya picha vya kuigia. Elimu yake aliipata mikononi, kwa njia ile ile ambayo seremala huijua mbao: kwa kuigusa, kuikosea, na kuilipia makosa. Jambo hili si la kupambia wasifu tu. Katika kazi ya filamu kila kosa lina bei, na mwanafunzi asiye na mwalimu hulipa bei hiyo kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana uaminifu wake kwa filamu ulikuwa wa mtu anayejua thamani ya kitu kwa kuwa amekinunua.

Mwaka 1948 alifungua studio katika nyumba ya familia, mtaa wa Bamako-Koura, karibu na gereza kuu na si mbali na kituo cha reli. Ulikuwa mtaa wa watu wengi. Wafanyakazi wa serikali, wenye maduka, mabibi waliovaa dhahabu, vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi, wasafiri walioshuka garini, wote walipita hapo. Kazi aghalabu ilifanyika uani kwa mwanga wa jua. Nyuma ya mkaaji palitundikwa kitambaa. Pazia la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye nyuzi za kuning'inia pembeni. Baadaye yakaja mapazia ya maua na ya nakshi za mviringo, akiyabadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Picha hizo hazikuandikwa tarehe, na miaka mingi baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kujua kila moja ilipigwa lini. Kalenda ya kazi yake imefumwa katika vitambaa.

Kiini cha sanaa yake, hata hivyo, kiko katika chombo alichokichagua na namna alivyokitumia. Kamera yake kuu ilikuwa ile kubwa ya sanduku, isimamayo juu ya miguu mitatu, ambayo haili mkanda wa filamu wenye picha nyingi bali hulishwa karatasi moja moja za filamu, kila moja ikiwa na sentimita 13 kwa 18. Ukubwa huo si jambo dogo. Picha moja katika mkanda wa milimita 35, ule uliokuja kuenea duniani kote, ina milimita 24 kwa 36. Karatasi ya Keïta ilikuwa na eneo la zaidi ya mara 25 ya hilo. Chumvi za fedha zilizotandazwa juu ya uso mpana namna hiyo huweza kushika kila uzi wa kitambaa, kila chanjo shavuni, kila tundu la ngozi. Na kwa kuwa negativu ilikuwa kubwa, hakukuwa na haja ya kuikuza. Karatasi ya picha ililazwa uso kwa uso juu ya negativu, zikabanwa pamoja, zikamulikwa. Picha iliyotoka ilikuwa na kipimo kile kile cha negativu, haikupungua wala haikuongezeka. Mteja aliondoka na kitu kinachoenea katika viganja viwili, na kitu hicho kilikuwa kimegusana na ile filamu iliyopokea mwanga uliotoka usoni pake.

Karatasi hizo zilikuwa ghali, na kwa sababu hiyo Keïta alijiwekea kanuni iliyokuja kuwa nguzo ya kazi yake: kwa kawaida mteja mmoja alipigwa picha mara moja tu. Hapakuwa na ya pili ya kuchagulia. Mwenye macho ya kifedha ataiona hapa dhiki ya fundi maskini. Mwenye kuijua fani ya ushairi ataona jambo jingine. Mtungaji wa shairi la mizani kumi na sita hana ruhusa ya kuongeza ya kumi na saba. Na kwa kuwa hana ruhusa hiyo, hulazimika kulitafuta neno moja ambalo litabeba kazi ya matatu. Mpaka haumfungi mtungaji hodari, bali humlazimisha afikiri kabla ya kusema. Karatasi moja kwa sura moja ilikuwa mizani ya Keïta. Kazi yote ya kuchagua, ambayo mpiga picha wa leo huifanya baada ya kupiga, yeye aliifanya kabla: mkono ukae wapi, kilemba kiiname kiasi gani, kiwiliwili kigeuzwe upande kiasi gani ili uso usitazame kamera kama mtu aliye mbele ya hakimu. Kile kigeuzo kidogo cha mabega, ambacho sasa kinatambulika kuwa ni chake, hakikuwa pambo. Kilikuwa jibu la swali la kiufundi na la kiutu kwa pamoja: namna ya kumfanya mtu akae kimya mbele ya mashine na bado abaki kuwa mtu.

Mifano michache yatosha kuonesha hayo. Katika picha mojawapo iliyo maarufu, mwanamke amelala kwa ubavu, ameegemea kiwiko, juu ya shuka la mirabaraba. Gauni lake lina maua, pazia nyuma yake lina maua, na kilemba nacho hakikosi nakshi. Kwa kanuni ya kawaida picha hiyo ingepasa kuwa fujo: michoro minne inagombana, na hakuna mahali pa jicho kupumzika. Lakini uso na mikono, yaani sehemu pekee zisizo na nakshi, huinuka juu ya vurugu hilo la vitambaa kwa utulivu usioelezeka. Laiti Keïta angalichagua pazia jeupe, mwanamke huyu angalikuwa mtu aliyekatwa kutoka mahali pake. Kwa kumweka katikati ya maua, amemfanya mwenye nyumba. Wala hili haliwezekani kwa filamu ndogo iliyokuzwa kwa papara. Nakshi zingeungana zikawa ukungu wa kijivu. Ni upana wa negativu unaowezesha kila ua libaki ua.

Picha ya pili, ya mwaka 1959, ni ya kijana aliyevaa koti jeupe, tai, na miwani ya fremu nene, ameshika ua moja mbele ya kifua. Wahakiki wengi wamesimama kwenye hilo ua. Wengine wameona ndani yake dalili ya mapenzi, wengine dalili ya usasa, wengine mzaha. Yamkini lisemwalo na picha ni jepesi zaidi kuliko hayo na zito zaidi pia. Kijana huyu ameombwa ashike kitu chepesi kwa vidole vyake vikubwa, na namna anavyokishika inaonesha mtu anayejua kuwa anatazamwa na asiyeogopa kutazamwa. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1960, Mali ilipata uhuru. Picha haisemi neno juu ya uhuru, na ingekuwa kosa kuilazimisha iseme. Lakini mtu wa namna hii alikwishakuwapo kabla ya bendera kupandishwa, na filamu ni shahidi wake.

Picha ya tatu ni ya mtu mzima, mwenye mwili mkubwa, aliyempakata mtoto mchanga. Hapa hakuna koti la kuazima wala saa ya kujivunia. Kuna kanzu pana nyeupe, kuna mikono miwili mikubwa, na kuna kiumbe kidogo kilichokaa juu yake. Mwenye kudhani kwamba sanaa ya Keïta ni sanaa ya mavazi na mapambo aitazame picha hii.

Dhana hiyo haikutoka hewani. Studio ilikuwa na vitu vya kuazimwa: suti za Kizungu pamoja na tai, kofia, kalamu za wino, saa za mkono, maua ya plastiki, redio, simu, hata pikipiki ya Vespa. Gari la Keïta mwenyewe, Peugeot 203, nalo liliingia katika picha nyingi. Wapo waliosema kwamba haya ni maigizo, kwamba mtu aliyepigwa picha na redio ya watu amedanganya kizazi chake. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa kwa sababu tu picha ni nzuri. Lakini inasahau desturi ya jamii zote zinazojua maana ya kuazimana. Bibi harusi aliyepambwa kwa dhahabu ya shangazi zake hajadanganya mtu. Kila aliyehudhuria anajua dhahabu ni ya nani, na kwa hakika kuazimwa kwake ndiko kunakoonesha kwamba bibi harusi ana watu. Picha ya Keïta haikuwa hati ya kiapo juu ya mali. Ilikuwa tamko la namna mtu alivyotaka akumbukwe, na tamko hilo lilitolewa mbele ya mashahidi wa mtaani ambao hawakuhitaji kuelezwa kwamba gari lile ni la mpiga picha.

Wala isidhaniwe kwamba heshima hii ilitokana na filamu yenyewe. Siku hizi, filamu inaporudi kupendwa na vijana waliochoka na picha zisizo na hesabu za simu za mkononi, kuna wanaoizungumzia kana kwamba ina baraka ndani yake. Historia ya Afrika Magharibi inakanusha. Edmond Fortier, Mfaransa aliyeishi Dakar, alisambaza maelfu ya postikadi za picha mwanzoni mwa karne ya ishirini, na katika nyingi kati ya hizo Mwafrika anaonekana kama mfano wa kabila, wa kazi, au wa umbo, na maelezo yaliyochapwa chini yake hayamtaji kwa jina bali kwa aina. Zile nazo zilipigwa kwa chumvi za fedha, kwa kamera ya miguu mitatu, kwa subira na ustadi. Kemia ni ile ile. Tofauti iko katika nani aliyelipia picha na nani aliyeichukua nyumbani. Aliyesimama mbele ya Fortier aliondoka mikono mitupu, na sura yake ikatumwa Ulaya. Aliyesimama mbele ya Keïta alitoa fedha yake, akachagua nguo yake, akaichukua sura yake.

Ulinganisho wa pili uko karibu zaidi. Malick Sidibé, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1958 na kufariki mwaka 2016, alikuwa mdogo wa Keïta kwa umri na kwa zana. Naye alikuwa na studio, lakini umaarufu wake ulikuja kwa kamera nyepesi za mkanda aliyotembea nayo usiku kwenye dansa za vijana na mchana kwenye kingo za mto Niger. Sidibé aliweza kupiga picha nyingi kwa usiku mmoja, na ndiyo maana picha zake zina kicheko, jasho na mguu ulioinuka. Hakuna haja ya kuuliza nani zaidi. Linalodhihirika ni kwamba umbo la filamu huamua umbo la sura: mkanda humkamata mtu akiwa njiani, karatasi humpokea mtu aliyekwisha kufika. Keïta alichagua kuwa mpokeaji. Uvumilivu wake kwa kamera nzito, wakati nyepesi zikiwa zimeenea sokoni, ulikuwa uamuzi wa kisanaa hata kama mwenyewe hakuuita hivyo.

Msomaji wa visiwani ana sababu ya kuyaelewa haya bila ya kuelezwa mengi, kwani nyumba nyingi za pwani zina picha za studio za namna hiyo. Capital Art Studio ilifunguliwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vizazi vya watu vimepita mbele ya kamera yake. Mjini Lamu, Omar Said Bakor, naye akiwa mtu aliyejifunza mwenyewe, alikwenda njia iliyo kinyume na ya Keïta: alikata picha na kuziunga, akazaa picha ambazo hakuna kamera iliyopata kuziona. Bakor aliifanya negativu kuwa mwanzo wa safari; kwa Keïta negativu ilikuwa mwisho wake. Njia zote mbili ni halali, na zote zilimtumikia mteja aliyetaka picha iseme zaidi ya alivyo. Tofauti ni kwamba Keïta alimtaka mteja ayafanye mageuzi hayo yeye mwenyewe, kwa mwili wake, kabla ya kufyatuliwa.

Kazi ya studio haikudumu sana. Mwaka 1962 serikali changa ya Mali ilimfanya mpiga picha wake rasmi, na studio ya Bamako-Koura ikafikia mwisho. Alistaafu mwaka 1977. Kisha ikaja enzi ya filamu za rangi na mashine za kusafishia, zilizotoa picha kwa saa moja na kuufanya ujuzi wa chumba cha giza uonekane mzigo. Keïta akageukia ufundi wa injini, jambo alilolipenda tangu zamani. Lakini maelfu ya negativu zake hakuzitupa. Alizihifadhi nyumbani, na katika hilo pekee mna somo juu ya uaminifu: fundi asiyetarajia kusifiwa tena alitunza kazi ambayo wateja wake walikwisha kuichukua na kuilipia.

Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilioneshwa New York, katika maonesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya ishirini, zikiwa na maelezo kwamba mpiga picha hajulikani. Mtaalamu wa Kifaransa André Magnin, akifanya kazi kwa ajili ya mkusanyaji Jean Pigozzi, alisafiri hadi Bamako kumtafuta mwenyewe, akampata. Mwaka 1994 Fondation Cartier ya Paris ilimfanyia maonesho yake peke yake. Mwaka 2016 Grand Palais, pale pale Paris, ikamfanyia mengine makubwa zaidi. Tamasha la kimataifa la picha la Bamako, lililoanza mwaka 1994, lina tuzo yenye jina lake. Mzee aliyekuwa akitengeneza injini akawa jina la dunia akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Wema huu usisahauliwe na yeyote anayetaka kulalamika. Bila ya wageni hao, huenda negativu zingeliwa na unyevu na mchwa.

Lakini picha zilizotundikwa katika kumbi hizo hazikuwa zile zilizotoka Bamako-Koura. Zilisafishwa upya kutoka katika negativu, zikakuzwa, nyingine zikapita urefu wa mita moja. Weusi ukawa mweusi zaidi na weupe mweupe zaidi. Picha za awali, zile ndogo, zina kijivu cha upole, rangi iliyopata joto kidogo kwa umri. Baadhi yake zilitiwa rangi kwa mkono, mkufu ukaguswa kwa manjano na midomo kwa wekundu. Picha kubwa hazina hayo. Zina ukuu, nao ni ukuu wa kweli: mtazamaji akisimama mbele yake huona nyuzi za kilemba ambazo hata mwenye kilemba hakuziona. Kila kilichomo kilikuwamo katika negativu tangu mwanzo. Hakuna kilichobuniwa.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuamua. Wapo wasemao kwamba negativu ndiyo kazi yenyewe, na kipimo cha karatasi ni jambo la mazingira: Keïta angalikuwa na mashine ya kukuzia na wateja wenye kuta pana, naye angalikuza. Yeye mwenyewe, wanaongeza, aliziona picha kubwa akiwa hai. Hoja hiyo ni ya haki kwa kadiri inavyohusu fundi. Haimgusi mtu wa pili aliyekuwamo katika picha. Sura ile ilifanywa kwa makubaliano ya watu wawili, na makubaliano hayo yalikuwa na kipimo: kipimo cha kiganja, cha ukuta wa sebule, cha bahasha iliyotumwa kwa ndugu aliye mbali. Mwanamke aliyelala juu ya shuka la mirabaraba alikubali kutazamwa na waliomjua. Katika karatasi ndogo mtazamaji hulazimika kuinamisha kichwa ili amwone, na kuinamisha kichwa ni adabu. Katika ukuta wa mita moja na nusu, mtazamaji husimama wima na kumkagua.

Kwa hiyo picha kubwa ni tafsiri. Tafsiri njema huweza kuufikisha utungo mahali ambapo lugha yake isingefika, na kuna tafsiri zilizookoa tungo zisipotee. Lakini hakuna msomaji makini anayeikubali tafsiri ichukue nafasi ya asili, na zaidi ya yote ikiwa asili bado ipo. Picha ndogo za Keïta bado zipo, chache katika makumbusho, nyingine katika masanduku na kuta za Bamako. Hizo ndizo zinazopaswa kuwa kipimo cha ubingwa wake. Mgogoro wa kisheria uliozuka baada ya kifo chake, juu ya nani mwenye haki ya kuzimiliki negativu na kuzichapisha, uliwahusu watu wenye mikataba. Waliopigwa picha hawakuwa upande wowote wa kesi, na ilhali sura zilizogombaniwa ni zao.

Nyuma ya picha za awali Keïta aligonga mhuri wenye jina lake na mahali pa studio yake. Jina la mkaaji halikuandikwa, kwani halikuhitajiwa. Picha ilikuwa inakwenda mahali ambapo kila mtu alimjua. Mhuri huo ulikaa juu ya karatasi, haukukaa juu ya filamu. Filamu iliyovuka bahari ilikwenda bila ya jina lolote, la fundi wala la mkaaji. Jina la fundi limekwisha kurudishwa, na vitabu vimeandikwa juu yake. Majina ya wakaaji yamebaki pale yalipoachwa, na chini ya picha nyingi zilizo katika makumbusho yameandikwa maneno mawili tu: haina jina.

Kasoro hii si ya Keïta, wala si ya filamu. Filamu ilifanya kazi yake kwa uaminifu uliokamilika. Imehifadhi chanjo, pete, mshono uliofumuka begani, na mwanga wa adhuhuri moja juu ya ua wa nyumba. Isichoweza kuhifadhi ni kile ambacho hakikuwa nuru. Hicho kiliachiwa watu wakihifadhi, nao kwa kiasi kikubwa hawajakihifadhi. Wapo bado Bamako wazee wanaoweza kuitazama picha iliyo katika kitabu cha Paris na kusema, huyu ni fulani binti fulani, aliolewa na fulani. Kila mwaka idadi yao hupungua. Makumbusho yaliyotumia fedha nyingi kuzikuza sura hizi yangetumia sehemu ndogo ya fedha hizo kuzirudisha zikiwa ndogo, mtaa kwa mtaa, na kuuliza. Hiyo ingekuwa kazi ya uhakiki iliyo bora kuliko makala yoyote, na ingekuwa pia malipo kwa fundi ambaye, akiwa na karatasi moja tu kwa kila sura, hakupata kumchukulia yeyote kuwa mtu wa kubahatisha.